Kapu la wazi, kapu lililofungwa, au kila klabu kivyake: ligi iuze vipi nembo za timu zake?

Kofia ya timu inauzika kwa sababu ya nembo. Kitambaa, uzi na mshonaji vinapatikana popote. Nembo ina mwenyewe, na kiwanda kinachoitaka sharti kiombe leseni na kulipa mrabaha. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila ligi ya kulipwa hukutana nalo: mwenye kiwanda akitaka nembo, akabishe hodi kwa nani?

Majibu makubwa yaliyokwisha kujaribiwa ni matatu, na nimeyapa majina mepesi. La kwanza ni kapu la wazi: timu zote zinaweka nembo zao kwa wakala mmoja wa ligi, naye anagawa leseni kwa watengenezaji wengi. La pili ni kapu lililofungwa: wakala ni yuleyule, ila leseni anampa mtengenezaji mmoja tu kwa miaka kadhaa. La tatu ni kila klabu kivyake. Wanaojadili sheria ya ushindani michezoni huchukulia kwamba ugomvi ni kati ya kapu na kila klabu kivyake. Mimi naona hatari inaanzia kwingine, pale kapu la wazi linapofungwa, na ulinganisho huu nimeupanga kwa jicho hilo.

NFL: kapu lilelile, kwanza wazi, kisha limefungwa

Ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, NFL, inafaa kuanza nayo kwa sababu imeyaishi mapito yote. Mwaka 1963 timu zake ziliunda NFL Properties, chombo cha kusimamia nembo, kutoa leseni na kuuza bidhaa. Kwa zaidi ya miaka 30 chombo hicho kilitoa leseni zisizo za kipekee kwa kampuni nyingi, na mapato yakagawanywa sawa kwa timu zote. Miongoni mwa waliokuwa na leseni ni American Needle, kampuni ya kofia ya jimbo la Illinois.

Desemba 2000 timu zikapiga kura kukiruhusu chombo chao kitoe leseni za kipekee. Kilichofuata ni mkataba wa miaka kumi kwa Reebok, ambayo ikawa peke yake kwenye kofia za timu zote 32. Leseni ya American Needle haikuhuishwa. Kampuni hiyo ikaenda mahakamani ikidai kwamba timu hizo, ambazo kila moja ina mwenyewe, zimekula njama ya kuzuia biashara kinyume cha Sheria ya Sherman ya mwaka 1890.

Utetezi wa NFL ulikuwa mfupi: njama huhitaji watu wawili au zaidi, na sisi kwenye biashara ya nembo ni mtu mmoja. Mahakama mbili za chini zilikubali. Halafu likatokea jambo lisilo la kawaida. NFL, iliyokwisha kushinda, nayo ikaunga mkono shauri lipelekwe Mahakama ya Juu, kwa tamaa ya kupata hukumu pana itakayoikinga nchi nzima na kwa mambo mengi zaidi ya kofia. Ikapata kinyume chake. Mei 2010 majaji wote tisa waliikatalia. Jaji John Paul Stevens aliandika kwamba kila timu ni biashara kubwa yenye mmiliki wake na uongozi wake, na kwamba kwa mtengeneza kofia, Saints na Colts ni wauzaji wawili wanaoweza kushindana kumuuzia nembo. Mfano huo haukuwa wa kubuni tu. Timu hizo mbili zilikuwa zimetoka kukutana kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, miezi michache nyuma.

Hukumu hiyo mara nyingi hunukuliwa kana kwamba ilipiga marufuku leseni ya kipekee. Sivyo. Ilisema tu kwamba uamuzi wa pamoja wa timu unaweza kuhojiwa, kisha ikarudisha shauri chini likapimwe: faida za ushirikiano ule ni zipi, madhara yake kwa ushindani ni yapi, na kipi kinazidi. Upimaji wenyewe haukufika mwisho, kwa kuwa pande mbili zilipatana mwaka 2015 kesi ikikaribia kusikilizwa. Na tangu mwaka 2012 jezi za NFL ni za Nike na kofia zake za uwanjani ni za New Era, kila moja kwa leseni ya kipekee. Kapu lililofungwa, kwa hiyo, bado lipo. Kilichoondoka ni kinga ya kusema "sisi ni mtu mmoja, msituulize."

Bei: hapa ndipo tofauti inapoonekana kwa macho

Ukitaka kuona kufungwa kwa kapu kunamfanyia nini mnunuzi, tazama michezo ya kompyuta kuliko kofia. Kofia zina mitindo mingi na bei nyingi, ni vigumu kulinganisha. Mchezo wa kompyuta una bei moja iliyobandikwa kwenye boksi.

Mwaka 2004 kulikuwa na washindani wawili wenye leseni ya timu na wachezaji wa NFL. Electronic Arts walikuwa na Madden, uliokuwa ukiuzwa karibu dola 50. Wapinzani wao walitoa ESPN NFL 2K5 kwa dola 19.99. Haukupita muda Madden ukashushwa hadi dola 29.95. Mnunuzi alicheka mwaka huo. Desemba hiyohiyo Electronic Arts ikapata haki za kipekee za NFL na za chama cha wachezaji, mpinzani akabaki na programu nzuri isiyo na timu wala majina, na toleo la Madden lililofuata likarudi kwenye bei ya karibu dola 50.

Wanunuzi walifungua kesi ya pamoja mwaka 2008. Mwaka 2012 Electronic Arts ilikubali kulipa dola milioni 27, na ikaahidi kwa miaka mitano kutoingia tena mkataba wa kipekee kwa mpira wa vyuo na ligi ya Arena, ya mpira huohuo unaochezwa ndani ya ukumbi. Mkataba wa NFL yenyewe haukuguswa. Ukisoma ahadi hiyo kwa makini utaona kilichosalimishwa ni vidogo, kikubwa kikabaki.

Upande wa kapu la wazi, bei hupangwa na ushindani wa watengenezaji wenyewe: kampuni tano zikiwa na nembo ya timu moja, shabiki ana kofia tano za kuchagua. Njia ya kila klabu kivyake iko katikati. Klabu ikimpa mtengenezaji mmoja haki ya kipekee, shabiki wa klabu hiyo bado ana mlango mmoja tu, kwa kuwa hakuna shabiki wa Arsenal atakayenunua jezi ya Chelsea eti ni nafuu. Wanaosema kuvunja kapu kutashusha bei ya jezi husahau hilo. Ushindani unaorudi ni wa klabu kugombea mtengenezaji, na wa mtengenezaji kugombea klabu. Faida yake huenda kwa klabu na kiwanda kabla haijamfikia shabiki, na wakati mwingine haimfikii kabisa.

Ubora na bidhaa feki

Hoja kubwa ya kulifunga kapu ni ubora. Mtengenezaji mmoja mwenye uhakika wa miaka kumi ataweka mitambo, atahakikisha mzigo unafika madukani kwa wakati, na atakuwa na sababu ya kuwafukuza wauza feki, kwa kuwa kila fulana feki inakula mfukoni mwake. Ni hoja ya kweli. Ligi yenye leseni 200 hulazimika kukagua viwanda 200.

Ila mtengenezaji mmoja akikosea, anakosea kwa ligi nzima siku moja. Kabla ya msimu wa 2024 wachezaji wa MLB, ligi ya besiboli ya Marekani, walivaa sare mpya, muundo wa Nike na ushonaji wa Fanatics. Malalamiko yakaanza mazoezini: majina mgongoni yamekuwa madogo, rangi hazilingani, na suruali zinaonyesha fulana iliyochomekwa ndani. Timu zote 30 zilikuwa na tatizo lilelile, na hapakuwa na timu iliyoweza kwenda kwa fundi mwingine. Marekebisho yaliahidiwa kwa msimu uliofuata.

Kuhusu feki, kapu la aina yoyote linaishinda njia ya kila klabu kivyake. Wakala mmoja mwenye wanasheria anaweza kufuatilia kontena bandarini kwa niaba ya timu 30. Klabu ndogo haiwezi.

Klabu kubwa zinapochoka kugawana

Kugawana sawa ndiko kunakolifanya kapu livutie, na ndiko kunakolivunja. Nchini Marekani sababu inayotolewa mahakamani ni uwiano: ligi ikiwa na timu mbili tajiri na nyingine zote maskini, mechi hazina utamu, na bidhaa inayouzwa, yaani shindano lenyewe, inachuja. Hoja hii iliisaidia MLB mwaka 2008. Kampuni ya Salvino, iliyotengeneza vidoli vya wanyama vyenye nembo za timu za besiboli, ilidai kwamba utoaji leseni wa pamoja ni kupanga bei tupu. Mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao New York haikukubali. Ilitaka ipimwe faida dhidi ya madhara, na Salvino hawakuwa na ushahidi wa kutosha wa madhara. Mmoja wa majaji watatu, Sonia Sotomayor, alikubali matokeo kwa sababu zake mwenyewe: kwamba kuacha kila timu iuze peke yake huku zikigawana mapato kungefanya nyingine zikae tu zikisubiri jasho la wenzao. Miaka miwili baadaye alikuwa Mahakama ya Juu, miongoni mwa tisa walioikatalia NFL. Hakuna mgongano hapo. Kapu linaweza kuwa halali, ila lazima lijieleze.

Wakubwa, hata hivyo, huwa hawasubiri maelezo. Mwaka 1995 Jerry Jones, mmiliki wa Dallas Cowboys ya NFL, alisaini mikataba yake na Nike na Pepsi kupitia uwanja wake, wakati ligi ilikuwa na wadhamini wengine. NFL Properties ikamshtaki ikidai dola milioni 300, naye akaishtaki ikidai milioni 750. Waliishia kupatana mwishoni mwa 1996, mikataba yake ikabaki. Baadaye Cowboys wakaruhusiwa kuendesha wenyewe biashara ya mavazi yao, nje ya kapu la wengine. Na kwenye besiboli, New York Yankees mwaka 1997 wakaingia na Adidas mkataba wa miaka kumi ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 95 hivi. Ligi ikapinga, Yankees na Adidas wakaishtaki ligi pamoja na klabu nyingine, na mwaka uliofuata wakapatana.

Kesi zote mbili zinaonyesha jambo ambalo viongozi wa ligi hawalipendi: mashtaka ya ushindani mara nyingi hayaletwi na serikali wala na shabiki. Huletwa na mwanachama mwenza aliyeona nembo yake inavuta zaidi. Ndiyo maana kapu lenye mlango wa kutokea, hata kama mlango huo una ada, hudumu kuliko lisilo nao.

Kila klabu kivyake si kinga

Ulaya ndiko njia hii ilikozoeleka kwenye soka. Manchester United, Barcelona, Juventus, kila moja ina mkataba wake wa jezi. Anayeichagua akidhani amekwepa sheria ya ushindani, na asome yaliyotokea Uingereza.

Mwaka 2003 mamlaka ya biashara ya haki nchini humo ilizitoza faini kampuni na taasisi kumi, jumla pauni milioni 18.6, kwa kupanga bei za jezi za mashabiki zilizotengenezwa na Umbro, hasa za England na Manchester United, katika miaka ya 2000 na 2001. Wauzaji walikubaliana wasishuke chini ya pauni 39.99. Duka la JJB Sports lilitozwa pauni milioni 8.37, Umbro milioni 6.64, Manchester United milioni 1.65, na chama cha soka cha England nacho hakikusalimika. Hapakuwa na kapu la ligi hata kidogo. Kulikuwa na mtengenezaji mmoja, klabu moja na maduka machache yaliyofahamiana vizuri mno.

Somo halikukaa. Septemba 2022 Rangers ya Glasgow, JD Sports na Elite Sports walitozwa zaidi ya pauni milioni 2 kwa ujumla, baada ya kubainika kwamba klabu ilihusika kuhakikisha jezi haiuzwi JD kwa bei ya chini kuliko kwa Elite, mshirika wake. Jambo lilikuwa tofauti ya pauni 55 na pauni 60.

Bara la Ulaya kwenyewe, Machi 2019 Tume ya Ulaya iliitoza Nike euro milioni 12.5 kwa kuwazuia wenye leseni kuuza nje ya nchi walizopangiwa bidhaa za klabu kama Barcelona, Inter na Roma. Hizi hazikuwa jezi. Zilikuwa vikombe, mabegi, mashuka na vitu vya watoto vyenye nembo ya klabu. Kosa lilidumu kati ya 2004 na 2017. Mwenye leseni aliyeulizwa na mteja wa nchi jirani alitakiwa amkatalie. Nauona mfano huu kuwa wa maana kwetu kuliko ule wa kofia za Marekani, kwa kuwa mikataba ya kugawana nchi ndiyo ambayo wakala wa Nairobi au Kampala huletewa bila kuulizwa.

Duka moja kupewa jezi peke yake ni swali jingine. Newcastle United ilipohamia Adidas kwa msimu wa 2024/25, ukiacha maduka ya klabu na ya Adidas, JD Sports ilipewa kuuza peke yake. Sports Direct iliomba klabu ilazimishwe kwa dharura kuipa mzigo. Aprili 2024 baraza la rufaa za ushindani lilikataa, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nalo. Klabu kumchagua muuzaji wake si kosa kwa asili yake. Kosa huanza klabu inapowachagulia wauzaji bei.

Na kama ligi yenyewe ni kampuni moja?

Ligi ya soka ya Marekani, MLS, ilijiunda hivyo tangu mwanzo, mechi zake za kwanza zikichezwa 1996: wawekezaji wana hisa kwenye kampuni moja inayomiliki timu, mikataba ya wachezaji na nembo. Kwa mkataba uliosainiwa kwanza mwaka 2004, Adidas ndiye anayevisha ligi nzima. Wachezaji waliishtaki, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikawakatalia, ingawa ilieleza mashaka yake juu ya umoja huo. Siipendekezi kwa yeyote mwenye klabu zilizokwisha kuwapo. Klabu yenye wanachama, historia na watani wa jadi haigeuzwi tawi la kampuni kwa sababu ya kofia.

Afrika Mashariki tumesimama wapi

Tanzania tayari inatumia njia mbili kwa pamoja. Matangazo ya Ligi Kuu yako kapuni: mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Jezi ziko kivyake: Simba ana mzabuni wake, Yanga ana wake, na klabu za mikoani hujitafutia. Ilipojaribiwa kuweka kitu kifuani pa timu zote kwa uamuzi wa juu, mambo yalikwama. Novemba 2021 TFF ilitangaza GSM kuwa mdhamini mwenza wa ligi. GSM huyohuyo ni mfadhili wa Yanga, na Simba wakagoma kuvaa nembo yake. Februari 2022 GSM ikajiondoa. Ilikuwa Dallas ya 1995 ikichezwa Kariakoo, bila mashtaka.

Kwa hiyo kwa ligi kama hii, jezi za Simba na Yanga ziachwe kwao. Kuzilazimisha kapuni ni kuomba ugomvi, na mauzo yake ndiyo yanayozifanya klabu hizo zijali kufukuza feki. Ila klabu nyingine zote zinaweza kuunda kapu la wazi la hiari: wakala mmoja, leseni kwa mafundi na viwanda vingi vya ndani, mgao kwa kiasi cha mauzo ya kila nembo badala ya sawa kwa sawa. Mtaji wa kukagua viwanda vichache vya fulana si mkubwa. Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo pia inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa na kukamata feki, itakuwa na mlango mmoja wa kuzungumza nao badala ya klabu kumi na zaidi.

Ligi ikishawishika kulifunga kapu, na wakati mwingine fedha ya mkupuo inashawishi kweli, itazame kwanza muda na umiliki. Marekani leo macho yako kwa Fanatics, ambayo NFL na MLB zimewahi kununua hisa ndani yake, na ambayo mwaka 2021 ilikusanya haki za kipekee za kadi za wachezaji kwa miaka mingi kutoka ligi na vyama vya wachezaji vya michezo mitatu, kisha Januari 2022 ikainunua Topps, mtengenezaji wa kadi hizo. Agosti 2023 mshindani wake Panini aliishtaki kwa ukiritimba, nayo Fanatics ikajibu kwa mashtaka yake. Mwenye leseni anapokuwa na mtoa leseni ndani ya hisa zake, ni vigumu kumshawishi jaji kwamba zabuni ilikuwa ya haki.

Miaka mitatu, zabuni ya wazi, bidhaa zigawanywe kwa aina ili wa kofia asiwe lazima wa jezi, na kipengele cha klabu kujitoa kwa taarifa ya msimu mmoja: hayo yakiwamo, sioni ubaya mkubwa. Sheria ya ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2010 zote zinatoa nafasi ya kuomba kusamehewa katazo kwa makubaliano yenye manufaa yanayozidi madhara, na ombi hilo lipelekwe kabla ya kusaini. Waliokuwa na leseni na sasa wanaikosa wapewe msimu mzima wa kumaliza mzigo uliokwisha kushonwa.